Kusoma Kitabu cha Jirani na Kwenda kwa Mganga Usiku si Jambo Moja

Tulikuwa msibani Uyole, Mbeya. Siku ya tatu, wanawake wakimenya ndizi nyuma ya nyumba, binti wa kaka yangu anayesoma chuo Iringa aliulizwa na shangazi zake kama bado anaenda kanisani. Akajibu bila kuficha kitu: anaenda, tena kila Jumapili, ila asubuhi kabla ya kipindi hukaa kimya dakika ishirini akifuatilia pumzi yake kama wafanyavyo Wabudha, kisha husoma Zaburi, na usiku akichoka hupenda kusikiliza Kurani kwenye simu kwa sababu sauti ile humtuliza. Aliyasema hayo kisu mkononi, anaendelea kumenya. Ndizi hazijaiva, habari ilikwishafika chini ya turubai la wanaume kwamba mtoto amesilimu. Usiku, kwenye moto, alikuwa amehamia kwa Wahindi. Kesho yake asubuhi mama yake aliniita pembeni, macho mekundu, akaninong'oneza: "Shemeji, hivi mtu akishaingia Frimasoni, anatolewaje?"

Nilicheka, kisha nikajuta, maana yeye hakuwa anacheka.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Mzee wetu mmoja akauliza swali ambalo mpaka leo linanifuata: "Huyu mtoto anakula kwenye sahani ngapi?" Tulizungumza saa tatu nzima na hatukufika popote, na sababu niliiona baadaye nikiwa nyumbani. Kila mtu alikuwa na kitu chake kichwani. Aliyesema "kuchanganya dini" upande huu alikuwa anawaza vitabu vya watu wengine. Wa upande ule alikuwa anawaza tambiko. Wa tatu alikuwa anawaza chupa za maji ya upako. Ni vitu tofauti kabisa, vimefungwa furushi moja na kupewa jina moja.

Tulifungue basi hilo furushi.

Maneno kwanza

Dini ni njia yenye jina: ina watu wake, nyumba ya ibada, kitabu au masimulizi, na kanuni za kuingia na za kutengwa. Imani ni kile mtu anachokiegemea moyoni hata pasipo na anayemwangalia. Mila ni namna ukoo na kabila wanavyooa, wanavyozaa, wanavyozika na kuwakumbuka waliotangulia. Watu huyatumia maneno haya kana kwamba ni mapacha, lakini mtu anaweza kuandika "Mkristo" kwenye fomu, akawa na imani inayoyumba, na mila asizozijua. Serikali yenyewe ilikwishaacha kuhesabu. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania dini zao. Tangu hapo anayekutajia asilimia za Waislamu na Wakristo anakupa makadirio tu.

Yapo pia maneno ya viongozi wa dini ambayo yakisikika redioni huwachanganya watu. Uekumene ni Wakristo wa madhehebu mbalimbali kukaribiana. Mmoravian na Mlutheri wakiimba tamasha moja la kwaya Tukuyu, huo ni uekumene, na Mwislamu hahusiki nao. Majadiliano ya kidini ni watu wa dini tofauti kukaa meza moja, kila mmoja na yake, ili waelewane au watengeneze jambo linalowahusu wote. Utamadunisho, neno wanalolipenda sana Wakatoliki, ni ujumbe wa dini kuvaa nguo za mahali ulipofika: lugha, ngoma, majina. Wazee wa Tosamaganga wanaoikumbuka Misa ya Kilatini wanaweza kukueleza siku ngoma ilipoingia kanisani ilikuwaje. Katika hayo yote matatu hakuna linalomtaka mtu aiache dini yake au aongeze ya pili.

Sasa twende shambani, huko tutaelewana zaidi.

Wakulima wa parachichi wa Rungwe na Njombe wanajua kubebesha. Unaotesha kokwa la parachichi la kienyeji, mche ukinenepa kama penseli unaukata, unachomeka kikonyo cha Hass, unafunga kwa utepe wa nailoni na kusubiri. Ukishika, mizizi ni ya kienyeji, tunda ni la Hass, na mti ni mmoja. Mtu wa pili yeye amekwenda sokoni Mwanjelwa na kapu. Amerudi na parachichi mbili, fungu la nyanya, dagaa na mchele wa Kyela. Kapu limejaa, lakini humo hakuna kilichoota. Wa tatu alimtembelea jirani, akaangalia anavyochimba mashimo na kuweka samadi, akarudi kwake akachimba vile vile na kupanda mbegu zake zile zile. Wa nne ana shamba zuri tu, ila usiku huenda mpakani kufukia kitu kwenye karatasi, kwa sababu anaogopa mavuno yake yatahamishwa na mwenye shamba la pili.

Wote wanne tunawaambia "mmechanganya".

Kabla ya simu kulikuwa na Kyala

Shangazi mmoja alisema msibani kwamba haya yote yameletwa na simu. Hapana, mama. Kwetu huku yalianza zamani, na yalianzia madhabahuni.

Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891. Kazi iliyowakabili mapema ilikuwa ya lugha: Mungu wa Biblia aitweje hapa? Hawakuleta jina la Kijerumani. Waliokota jina lililokuwepo, Kyala. Leo Mnyakyusa akilitamka hakuna anayewaza kitu kingine isipokuwa Mungu muumba wa mbingu na nchi. Lakini Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi na kutafiti Unyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwamba katika masimulizi ya wazee Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, mwenye pango lake pembezoni mwa Ziwa Nyasa, jinsi Lwembe alivyokuwa na kichaka chake kitakatifu Lubaga, karibu na Tukuyu. Huko Lubaga ndiko machifu walikopeleka haja zao, mvua ikichelewa au ugonjwa ukiingia nchini. Kwa maneno mengine, jina tunalolitumia kwenye nyimbo zetu lilikuwa na kazi nyingine kabla ya kubatizwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa majirani pia: Wahehe na Wabena wanamwomba Nguluvi, Wakinga Nguluve, na majina hayo yalikuwa midomoni mwa watu kabla kengele ya kwanza haijapigwa.

Babu yangu alibatizwa Rungwe. Je, alipopiga magoti akamwita Kyala kwa jina alilolisikia utotoni, alikuwa anachanganya dini? Kanisa lake lingesema hapana, na mimi nakubaliana nalo. Alibebesha. Shina lilikuwa la nyumbani, kikonyo kilitoka mbali, na kilichozaa kilikuwa kitu kimoja kinachojulikana jina lake. Sisemi kwamba hapakuwa na kilichokatwa. Kubebesha ni kukata kwanza, na wapo wazee waliokufa wakililia kile kilichokatwa.

Tena huna haja ya kwenda Lubaga. Fungua mdomo wako tu. Sali Baba Yetu kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno. "Duniani" ina neno la Kiarabu. "Utusamehe" ni Kiarabu, "deni" ni Kiarabu, na "majaribuni" mzizi wake ni Kiarabu. Kanisa lenyewe ni neno la Kiarabu, na msalaba, na injili, na zaburi, na malaika, na shetani, na dhambi, na toba, na roho. Askofu alitoka kwa Wagiriki akapitia kwa Waarabu kabla ya kuvaa kofia yake Mbeya. Padri ni Mreno. Mchungaji, mwokozi na mtume ndio wa kwetu wa Kibantu, pamoja na Mungu mwenyewe. Bibi wa Busokelo ambaye hajawahi kuuona msikiti kwa ndani anamlilia Mungu kwa maneno yaliyovushwa bahari kwenye majahazi ya wafanyabiashara Waislamu, na hilo halijampunguzia Ukristo hata chembe. Mimi nikisikia mtu ananguruma kwamba dini yake haijaazima chochote kwa mtu, huwa natamani kumwomba arudie sentensi hiyo bila kutumia neno "dini".

Hata wimbo wa taifa uko hivyo. Muziki wake alitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti huko Afrika Kusini. Kila asubuhi watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, na wa wale wazee wasiojiita jina lolote, wanasimama mstarini kumwomba Mungu aibariki Afrika. Sijasikia mzazi akilalamika kwamba mtoto wake kasalishwa.

Kufanana kuna mipaka yake

Lipo kosa la upande wa pili, na hili ni la watu wapole. Wanasema dini zote ni sawa, tofauti ni majina. Msibani kauli hii hufaa kuzima ugomvi. Kama maelezo, haifai.

Angalia shanga. Mkatoliki ana rozari yenye punje 59. Mwislamu ana tasbihi ya 99, au ya 33 anayoizungusha mara tatu. Wahindu na Wabudha wana yao ya 108. Ukiwaona watatu wamekaa benchi moja wanahesabu kwa kidole gumba, utaapa wanafanya kitu kile kile. Wasikilize sasa. Wa kwanza anamwomba Maria amwombee. Wa pili anamtukuza Mwenyezi Mungu asiye na mshirika, na kumwomba mtu mwingine kwa namna ile kwake ni hatari. Wa tatu, kama ni Mbudha, huenda mafundisho yake hayamtegemei muumba hata kidogo. Anachokitafuta ni kuzima tamaa ile inayozaa mateso. Ukiwaambia "nyote ni wamoja" umewanyang'anya wote watatu kauli zao. Vivyo hivyo kwa Yesu. Mwislamu anamheshimu Nabii Isa, na mama yake Mariamu ana sura nzima yenye jina lake ndani ya Kurani, lakini Uislamu hauikubali habari ya msalaba ambayo kwa Mkristo ndiyo moyo wenyewe wa jambo. Hapo tofauti haikai kwenye majina.

Watu huwatolea mfano Wabahai, ambao shule yao ya sekondari ya Ruaha inajulikana pale Iringa. Wanafundisha kwamba Mungu mmoja ametuma wajumbe kwa zamu, Ibrahimu, Musa, Budha, Yesu, Muhammad, mpaka Bahá'u'lláh wa Uajemi aliyefariki mwaka 1892. Wengi wakisikia hivyo wanasema "basi hiyo ndiyo dini ya mchanganyiko". Sivyo. Wabahai wana vitabu vyao, sala zao, na mfungo wao wa siku 19 mwezi Machi. Ni mti uliosimama kwa shina lake. Masingasinga nao, kitabu chao kitakatifu, kilichokusanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1604, kina tenzi za Kabir na za Sheikh Farid, Mwislamu, pamoja na za maguru wao, yaani walimu wao wakuu. Wamezipokea na kuzipa makao ndani ya nyumba yao, na kila siku zinaimbwa kama zao.

Kapu lenyewe ni hadithi nyingine. Mfalme Akbar wa Wamughal huko India alijenga nyumba ya mijadala mwaka 1575, akawaita Waislamu, Wahindu, Wajaini, Wazoroasta na mapadre Wajesuiti wabishane mbele yake. Kusikiliza huko kulimpatia sifa mpaka leo. Mwaka 1582 akaenda mbali zaidi, akaanzisha njia yake iliyochota kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule. Alikuwa na jeshi, hazina na nchi kubwa, na bado wafuasi wanaotajwa kwa majina ni wachache kuliko abiria wa Koasta moja ya Mbeya na Tukuyu. Alipokufa, nayo ikafa. Ya kumsikiliza jirani ilizaa. Ya kumwaga vyote kwenye kapu haikupata mizizi.

Waliokwenda kwa jirani wakarudi kwao

Aina ya tatu, ile ya kuangalia jirani anavyochimba mashimo, ndiyo tunayoiogopa kuliko inavyostahili. Gandhi aliyasoma mahubiri ya Yesu ya mlimani yakamgusa mno, na kwenye mikutano yake ya sala yalisomwa maneno ya Wahindu, ya Kurani na ya Biblia. Alikufa Mhindu. Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, alijifunza kwa Mhindu huyo namna ya kupambana bila kumpiga mtu, akaenda India mwaka 1959 kujionea, akarudi kwenye mimbari yake. Na Kenneth Kaunda, jirani yetu hapo ng'ambo ya Tunduma, mtoto wa mhubiri wa Kipresibiteri aliyetoka Nyasaland, alimchukua Gandhi kama mwalimu wake wa siasa na akabaki Mkristo wa nyimbo na gitaa.

Mtume Paulo mwenyewe, alipofika Athene, hakuanza kwa kuwatukana. Alianzia kwenye madhabahu yao waliyoiandikia mungu asiyejulikana, kisha akawasomea maneno ya washairi wao. Ipo katika Matendo, sura ya 17. Wachungaji wetu wanaipenda sura hiyo, ila sijamsikia mmoja akiuliza: Paulo aliyajulia wapi mashairi ya wapagani kama hakuyasoma?

Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwamba halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, huku likishikilia kwamba kazi yake ni kumtangaza Kristo. Mwaka 1986 Papa Yohane Paulo wa Pili akawaalika viongozi wa dini mbalimbali mjini Assisi, na msisitizo uliotolewa ni mdogo lakini umebeba mzigo mzima wa makala haya: wamekuja kuwa pamoja ili wasali, hawakuja kusali pamoja. Kila kundi lilisali kwa namna yake. Waislamu nao wana sura fupi inayomalizika kwa kusema ninyi mna dini yenu nami nina yangu, na wana aya inayosema watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane. Mipaka na kujuana vimo kitabu kimoja. Walokole wengi wa Mbeya watakujibu kwa habari ya vuguvugu, kwamba asiye moto wala baridi atatapikwa, na ni haki yao kusema hivyo; Katiba, ibara ya 19, inamlinda anayeshika njia moja kwa nguvu zote na inamlinda pia anayebadilisha.

Frimasoni nimalizane nao hapa haraka. Ni chama cha kindugu. Baraza lake kuu la kwanza liliundwa London mwaka 1717, na anayetaka kujiunga hutakiwa kuwa tayari anamwamini Mungu, wa dini yoyote. Kiongozi wao wa miaka mingi Afrika Mashariki, marehemu Sir Andy Chande, alijitambulisha hadharani. Hawatoi utajiri kwa sadaka ya ndugu, na msichana anayefuatilia pumzi yake kwenye hosteli Iringa hawamjui.

Sheikh aliyenitia doa

Mpaka hapo nilikuwa najiona nimeshinda. Nilikuwa na hoja zangu zote za kumtetea binti yetu. Kisha nikamsimulia habari ile jirani yangu, sheikh, tukiwa tumekaa kibarazani kwake na baridi ya Julai ile ya Uyole inayopenya mpaka mifupani. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwalimu, mwambie mwanetu asikilize tu, hakuna anayemkataza. Lakini mwambie Kurani si muziki wa kulalia. Kitabu chenyewe kinaagiza kikisomwa watu wasikilize na wanyamaze. Yeye analala."

Hakuongeza neno.

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo. Kumbe binti yetu hakuwa shambani kwa jirani. Kwa sehemu alikuwa Mwanjelwa na kapu. Kwa jirani mmoja amechukua sauti, akaacha sala tano na mfungo na maana ya maneno yenyewe. Kwa Wabudha amechukua pumzi, akaacha sehemu nyingine za ile njia yao yenye sehemu nane, zile zinazokuambia useme nini, utafute riziki vipi, uache nini. Kule kwao kufuatilia pumzi ni kama kupalilia; hakuna mtu anayepalilia shamba ambalo hakupanda. Sidhani ni dhambi. Mtu akijituliza kabla ya mtihani ajitulize. Lakini kuchota kile kinachopendeza na kuacha kile kinachodai, kisha ukasema umejifunza kwa dini fulani, kuna ukosefu wa adabu kidogo humo, kama mgeni anayekula nyama ya msibani na kuondoka kabla ya mazishi.

Nilimpigia simu, nikamweleza alichosema sheikh. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema chumbani kwao yupo mwenzake kutoka Ubaruku, Mwislamu, ambaye amekuwa akiisikia Kurani ile kila usiku na hajawahi kusema kitu. "Nitamuuliza inasema nini, baba mdogo. Nimeona aibu."

Mpakani, usiku

Nimewaacha wale wa mpakani mwisho kwa sababu hakuna anayewazungumzia. Katika kikao chetu chote cha saa tatu, hakuna aliyetaja hirizi. Hakuna aliyetaja kwamba tulipokuwa tunahangaika na ugonjwa wa marehemu, waliletwa watu wa kumwombea mchana na mtu mwingine saa nane usiku.

Nisieleweke vibaya. Anayejua mizizi ya dawa ya tumbo ni tabibu, na nchi yetu ina baraza linalowasajili watu wa tiba asili. Kutambika nako si kuloga: wazee wanaomwaga pombe kidogo ardhini na kuwataja waliotangulia, hadharani, mbele ya watoto, wanafanya jambo lenye heshima yake, ukubaliane nalo au usikubaliane. Wanayemtaja wanamtaja kwa sauti. Ninayemsema mimi ni yule mtu wa Jumapili kanisani au Ijumaa msikitini, ambaye jambo likimbana anakwenda kwa siri kuuliza nani amemroga. Hapo dini mbili hazijakutana. Ni woga umekwenda kwenye maduka mawili, kwa kuwa hauliamini sana la kwanza.

Kwenye woga Watanzania hatuna mipaka ya madhehebu. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Mlutheri, Ambilikile Mwasapile, jina lenyewe lina harufu ya kwetu, alipokuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo, foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wakristo walikuwamo, Waislamu walikuwamo, wakubwa wa serikali walikuwamo. Siwacheki, ugonjwa ni ugonjwa. Nawaza tu kwamba hakuna aliyeitiwa kikao cha ukoo. Mkristo anakunywa kombe, ile aya ya Kurani iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa kwa maji. Mwislamu anapaka mafuta ya upako aliyoletewa na jirani. Wote wawili wanafunga mlango kwanza. Msichana aliyesema waziwazi, mbele ya shangazi zake, anachosoma na anachosikiliza, ndiye aliyekalishwa kitako.

Wakubwa wetu walitupa kisa cha fisi aliyeshindwa na njia mbili: alisikia harufu ya nyama kulia na kushoto, akaweka miguu njia hii na njia ile, akapasuka. Husimuliwa ili kuwatisha vijana kama huyu wetu. Nimekisikia tangu utoto na juzi tu ndipo niligundua fisi hakujifunza chochote kwenye njia ile wala ile. Alikuwa na njaa, basi.

Likizo ilipokwisha nilimsindikiza stendi ya Uyole kupanda basi la Iringa. Mama yake alikuja na mkungu mdogo wa ndizi, maharage, na mfuko wa rambo uliofungwa fundo. Wakakumbatiana. Basi lilipokuwa linapakia, binti alifungua ule mfuko upande wangu ili nione. Kulikuwa na kichupa cha mafuta ya upako, na chini yake, ndani ya kitambaa chekundu, uzi mweusi wenye mafundo matatu.

"Mama amesema niweke chini ya mto," alisema. "Na nisimwambie mtu."